Nyumba ya Mawe ya Blantyre: Maisha ya David Livingstone

Kila mwanafunzi amepata kusikia jina la Daktari David Livingstone. Tunamjua kwa safari zake, na majina ya Mikindani, Ujiji, Kwihara na Bagamoyo hutajwa pamoja na jina lake katika vitabu vya historia. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza alitoka katika nyumba ya namna gani. Basi katika kurasa hizi nataka kuyaeleza maisha ya mtu huyo kwa kuanzia mlangoni kwao. Nyumba aliyozaliwa ingaliko hata leo, na mtu aijuaye atayaelewa vizuri zaidi mambo aliyoyatenda na yale yaliyomshinda.

Nyumba hiyo iko Blantyre katika nchi ya Uskoti, kando ya mto Clyde, yapata maili 8 kutoka mji mkubwa wa Glasgow. Mwaka 1785 matajiri wawili, David Dale na James Monteith, walianzisha hapo kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, wakitumia nguvu za maji ya mto kuendesha mashine. Kiwanda kilitaka watu wengi, na watu walitaka mahali pa kulala. Kwa hiyo wenye kiwanda walijenga nyumba za wafanyakazi karibu na kiwanda chenyewe. Mojawapo iliitwa Shuttle Row, yaani safu iliyopewa jina la kile chombo ambacho mfumaji hukirusha huku na huku ili kupitisha uzi. Ni jengo la mawe lenye orofa tatu na ngazi za kuzunguka, na ndani yake mlikuwa na vyumba 24. Kila chumba kilikuwa nyumba ya jamaa moja: baba, mama na watoto wao wote.

Chumba cha Bwana Neil Livingstone na mkewe Agnes kilikuwa na urefu wa futi 14 na upana wa futi 10. Darasa letu moja lingeweza kugawanywa vyumba kadhaa vya namna hiyo. Humo walipika, walikula, walisali na kulala. Vitanda vya wakubwa vilijengwa ndani ya ukuta mfano wa kabati, na vitanda vya watoto vilikuwa na magurudumu. Mchana vilisukumwa mvunguni, na usiku vilivutwa nje hata sakafu yote ikajaa. Maji yalichotwa nje na kupandishwa kwa ndoo. Katika chumba hicho David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, akiwa mtoto wa pili. Wazazi wake walipata watoto saba. Wawili walikufa wangali wachanga, na watano walikua humo humo.

Jamaa hii haikuwa ya asili ya Blantyre. Babu yake David alikuwa mkulima katika kisiwa kidogo cha Ulva, magharibi ya Uskoti. Shamba lilipokuwa halitoshi kuwalisha watoto wake, alihama na kuja kutafuta kazi kiwandani, kama watu wengi wa siku zile walivyofanya na kama wengi wafanyavyo hata leo. Baba yake David hakukaa kiwandani. Alitembea kwa miguu kijiji hata kijiji akiuza majani ya chai. Faida ilikuwa ndogo, tena alikuwa mtu wa dini sana aliyependa kugawa vitabu vya dini kwa wateja wake. Basi fedha ya nyumbani haikutosha, na David alipotimiza miaka 10, mwaka 1823, aliacha kucheza akaenda kufanya kazi kiwandani.

Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Mashine hazikusimama, mtoto alipita katikati yake na chini yake, akiinama na kutambaa, akizitazama nyuzi nyingi kwa wakati mmoja na kuziunga upesi kabla msimamizi hajaona. Ndani mlikuwa na joto na unyevu, maana uzi wa pamba hukatika katika hewa kavu. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku, na katikati waliruhusiwa nafasi fupi za kula. Mtoto mwema aliyepunguza mwendo kwa uchovu aliweza kupigwa au kumwagiwa maji ili aamke. Inasemekana kwamba katika siku moja mtoto wa kazi hiyo alitembea maili nyingi bila kutoka nje ya mlango wa kiwanda.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo vitabu vya zamani havikulisema. Pamba iliyokuwa ikiingia viwanda vya Uingereza miaka ile, sehemu kubwa ililimwa na kuchumwa na watumwa katika mashamba ya Marekani. Kwa hiyo mtoto yule, ambaye baadaye alitumia maisha yake kupigana na biashara ya watumwa katika Afrika, alipata mkate wake wa kwanza kwa kuunga nyuzi za pamba iliyotoka mikononi mwa watumwa wenye asili ya Afrika. Yeye hakulichagua jambo hilo, wala mtoto wa miaka 10 hawezi kulaumiwa kwalo. Lakini yatuonyesha jinsi dhuluma ya mbali inavyoweza kuingia katika nyumba ya maskini asiyeijua.

Alipopokea mshahara wa juma la kwanza, David alimpa mama yake, na sehemu yake akanunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kiwanda kilikuwa na shule ya usiku, ambayo ilianza kazi ilipokwisha, saa mbili hata saa nne. Watoto wengi, kwa kuchoka, hawakwenda. David alikwenda, na aliporudi nyumbani aliendelea kusoma mpaka saa sita za usiku, hata mama yake alilazimika kuinuka na kumnyang'anya kitabu, maana alfajiri alitakiwa tena kiwandani. Alipata pia ujanja wa kukiegemeza kitabu juu ya mashine, naye kila alipopita akienda na kurudi alisoma sentensi moja, akaifikiri mpaka alipopita tena. Kelele za mashine hazikumzuia. Baadaye, akiwa katika safari zake, alisema kwamba mazoea hayo yalimwezesha kusoma na kuandika mahali popote, hata watu wakicheza ngoma kando yake.

Tusidhani kwamba nyumbani kulikuwa na amani siku zote. Mzee Neil alipenda mwanawe asome vitabu vya dini tu, na aliviogopa vitabu vya sayansi kuwa vingemharibia imani. David alivipenda vitabu vya mimea, mawe na nyota, akakataa kusoma kitabu kimoja cha dini alichopewa, naye akapigwa viboko. Tena mzee alikuwa na desturi ya kufunga mlango jua linapokuchwa, na asiyekuwamo hukaa nje. Siku moja David alichelewa akakuta mlango umefungwa. Hakubisha kwa hasira wala hakulia. Alipata kipande cha mkate akaketi kizingitini, tayari kulala hapo, hata mama yake alipomwona akamwingiza ndani. Ushupavu huo ulimfaa sana baadaye, na, kama tutakavyoona, ulimdhuru vilevile.

David alipokuwa kijana wa miaka 19 hivi alipandishwa cheo akawa msokotaji, na mshahara wake ukaongezeka. Mwaka 1834 habari ilifika Blantyre kwamba wanatakiwa madaktari wamisionari kwenda Uchina. David akaazimia kuwa daktari. Mwaka 1836, wakati wa baridi, yeye na baba yake walikwenda kwa miguu katika theluji mpaka Glasgow, wakizunguka mchana kutwa kutafuta chumba cha bei ndogo, hata wakapata kimoja cha shilingi mbili kwa juma. Huko aligundua kwamba chai yake na sukari yake vinaibwa, akahamia kingine kilichozidi bei kidogo. Majira ya baridi alisoma udaktari. Majira ya joto alirudi Blantyre kusokota nyuzi apate ada ya mwaka unaofuata. Huko chuoni alipata rafiki, James Young, ambaye baadaye alitajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa. Tulishike jina hilo, maana litarudi mwishoni.

Mwaka 1838 Chama cha Wamisionari cha London kilimkubali. Lakini vita vilitokea kati ya Uingereza na Uchina, na njia ya kwenda huko ikafungwa. Ndipo alipokutana na Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman katika Afrika ya Kusini, na moyo wake ukageukia Afrika. Novemba 1840 alipata cheti cha udaktari, akaenda kulala nyumbani usiku mmoja wa mwisho. Asubuhi, kabla ya mapambazuko, jamaa walisali pamoja, kisha baba na mwana walitembea mpaka Glasgow, wakaagana. Hawakuonana tena. Mzee Neil alifariki mwanzoni mwa mwaka 1856, na mwanawe alirudi Uingereza mwezi wa Desemba mwaka ule ule akakuta kiti kitupu.

Alipofika Afrika mwaka 1841, Livingstone alikuwa na umri wa miaka 28. Mwaka 1844 alijeruhiwa na simba huko Mabotsa, na mwalimu wa Kiafrika aitwaye Mebalwe alihatarisha maisha yake kumwokoa. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjika karibu na bega na haukuunga sawasawa. Januari 1845 alimwoa Mary, binti yake Moffat, na mwaka 1847 walihamia Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Huko alijenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Mary alifundisha shule, alioka mkate, alitengeneza sabuni na mishumaa. Mwaka 1848 Mfalme Sechele wa Wakwena alibatizwa na Livingstone. Baada ya muda mfupi mfalme alivunja sharti la kuwa na mke mmoja, na Livingstone akamtenga, akahesabu kwamba kazi yake imeshindikana. Lakini Sechele hakuiacha Biblia. Aliendelea kuwafundisha watu wake na majirani zake kwa miaka mingi. Kumbe mbegu ilikuwa imeota, ila mpanzi hakungoja kuiona.

Nyumba ya Kolobeng ndiyo nyumba pekee ambayo Livingstone na mkewe walikaa kwa muda kama watu wenye makao. Kaburi la mtoto wao mchanga, Elizabeth, aliyefariki mwaka 1850, liko hapo. Mwaka 1852 Livingstone aliipeleka jamaa yake Cape Town wapande meli kwenda Uingereza, ili yeye awe huru kutafuta njia ya kuingia bara. Mwaka huo huo Makaburu waliwashambulia watu wa Sechele, wakateka wanawake na watoto zaidi ya 200, na nyumba ya Kolobeng ikavunjwa, vitabu vyake vikararuliwa. Tangu siku hiyo hakuwa tena na nyumba yake mwenyewe katika Afrika.

Safari iliyofuata ndiyo iliyompa sifa. Novemba 1853 alitoka Linyanti, makao ya Mfalme Sekeletu wa Wakololo, akaenda mpaka Luanda katika pwani ya magharibi, akafika Mei 1854. Akarudi, kisha akaelekea mashariki. Novemba 1855 alionyeshwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo aliyapa jina la Malkia Victoria, na Mei 1856 alifika Quelimane katika Msumbiji. Watu walisema kwamba mtu mmoja amevuka Afrika. Lakini Sekeletu ndiye aliyempa wapagazi, chakula na pembe za ndovu za kulipia njia, na Wakololo ndio waliobeba, waliovusha mitumbwi na waliomwuguza homa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zaidi ya watu 100 waliofuatana naye kuelekea mashariki aliwaacha Tete, akaahidi kurudi kuwachukua. Alirudi mwaka 1858, akakuta 30 wamekufa kwa ndui. Waliobaki, wale waliotaka kurudi kwao, aliwapeleka mwaka 1860. Ahadi aliitimiza, lakini imechelewa.

Na jamaa yake, je? Miaka minne Mary alihangaika na watoto wake huko Uingereza, mara huku, mara kule, pasipo nyumba na pasipo fedha ya kutosha. Mumewe aliporudi alikuwa mtu mashuhuri, na kitabu chake cha mwaka 1857 kilinunuliwa na maelfu ya watu. Mwaka 1858 aliongoza msafara wa serikali kwenda mto Zambezi. Alikuwa amewaambia watu kwamba mto huo ni njia ya meli mpaka bara, lakini mwaka 1856 alikuwa amekata njia ya mkato na hakuyaona maporomoko ya Cabora Bassa, ambayo meli haiwezi kuyapita. Wazungu aliokuwa akiwaongoza aligombana nao; yeye aliyezoea kuvumilia kila kitu tangu utoto hakuweza kuwavumilia watu wasiovumilia kama yeye. Mary alimfuata, naye akafa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka 1863 serikali iliamuru msafara urudi. Watu wengi walisema kwamba ameshindwa, na kwa kweli alikuwa ameshindwa.

Lakini katika miaka hiyo ya kushindwa alipata watu wawili ambao bila wao historia yake ingekuwa nyingine. Mmoja ni Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga, aliyeajiriwa kufanya kazi katika vyombo vya msafara. Wa pili ni Chuma, mtoto wa Kiyao, aliyekuwa amefungwa katika msafara wa watumwa. Mwaka 1861 Livingstone na wenzake waliukuta msafara huo karibu na nyanda za juu za Shire, wakawakata kamba watumwa wote, na Chuma akiwa mmoja wao.

Januari 1866 Livingstone alifika Unguja pamoja nao. Sultani Majid alimpa nyumba ya kukaa, jengo zuri lililojengwa yapata mwaka 1860 nje kidogo ya Mji Mkongwe, ambalo hata sasa laitwa Nyumba ya Livingstone. Kutoka huko aliona bandari na majahazi ya watumwa, akaenda pia sokoni ambako waliuzwa. Mwezi wa Machi aliondoka kwenda Mikindani akiwa na watu wake, kisha akaufuata mto Ruvuma, ili kutafuta chanzo cha mto Nile na kuona kwa macho yake biashara ya watumwa inavyokwenda. Taabu zilimwandama. Wengi walimkimbia. Januari 1867 sanduku la dawa lilipotea, na kwa daktari aliye mgonjwa hasara hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo. Aliyaona maziwa ya Mweru na Bangweulu, na Machi 1869 alifikishwa Ujiji akiwa taabani. Waliomlisha, kumwuguza na kumbeba machelani walikuwa wafanyabiashara wa Kiarabu, watu wale wale ambao biashara yao aliichukia. Alipokea wema wao, naye hakuacha kuandika habari za ubaya wa biashara yao.

Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika nchi ya Kongo. Ilikuwa siku ya gulio, na wanawake wengi walikuwa wamekuja na bidhaa zao. Ghafula watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki. Watu walikimbilia mtoni, na wengi walizama. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Livingstone hakuwa na karatasi wala wino. Aliyaandika mambo hayo juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa rangi ya mmea. Maandiko hayo yalififia hata hayakusomeka, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kutoa matokeo yake mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana kwamba aliponakili baadaye alibadili baadhi ya mambo, na kwamba maandiko ya kwanza yanaleta maswali juu ya mwenendo wa baadhi ya watu wake mwenyewe. Kurasa hizo zimehifadhiwa huko huko Blantyre.

Mwishoni mwa mwaka 1871, akiwa amerudi Ujiji hana kitu, alifikiwa na mwandishi wa gazeti, Henry Stanley, aliyemletea chakula, dawa na barua. Walikwenda pamoja kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Kisha wakaenda Kwihara, karibu na Tabora, wakakaa katika tembe, ambalo siku hizi ni mahali pa makumbusho. Stanley alimsihi arudi kwao, Livingstone akakataa. Machi 1872 Stanley aliondoka, na Livingstone akangoja peke yake katika tembe lile mpaka Agosti, wapagazi wapya walipofika kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi.

Safari ya mwisho ilipita katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua. Livingstone alitokwa na damu, akashindwa kutembea, akabebwa. Mwishoni mwa Aprili 1873 walifika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakamjengea kibanda cha miti na nyasi. Hicho ndicho kilichokuwa chumba chake cha mwisho, nacho kama kile cha kwanza kilikuwa chumba kimoja tu. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Sasa twafika mahali ambapo hadithi yake yawa hadithi ya wengine. Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Hakuna ambaye angewalaumu. Lakini walifanya shauri wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Farjallah, ambaye alikuwa amepata kumtumikia daktari huko Unguja, aliupasua mwili. Moyo ulizikwa chini ya mti wa mpundu, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome la mti. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14, ukafungwa katika gome na turubai. Wakaubeba kwa miguu zaidi ya maili 1,000. Halima, mpishi wake, alikuwa pamoja nao. Wengine walikufa njiani. Huko Kwihara walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapo, wakakataa. Mbele kidogo walisikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite nchini mwao. Basi walitengeneza mzigo wa uongo, wakaupeleka nyuma kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa mtumba wa nguo, ukapita.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili uliwekwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kisha ukachukuliwa kwa meli. Wabebaji walilipwa mshahara wao wakaachwa pwani. Huko London maiti ilitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, na tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika kanisa la Westminster, walikozikwa wafalme. Katika waliobeba jeneza alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika peke yake, aliyelipiwa nauli na wamisionari. Susi na Chuma hawakuwako. Ni James Young, yule rafiki wa chuoni, aliyelipa nauli yao wakafika baada ya mazishi, wakasaidia kutayarisha daftari za safari ya mwisho zikapigwa chapa mwaka huo huo. Huko Uingereza walitengeneza mfano wa kile kibanda cha Chitambo, ili rafiki za marehemu waone mahali alipofia. Chuma alirudi akawa kiongozi hodari wa misafara, akafariki Unguja mwaka 1882. Susi alifanya kazi na Stanley katika Kongo, akafariki Unguja mwaka 1891.

Tarehe 5 Juni 1873, majuma matano tu baada ya kifo chake, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Habari za Nyangwe zilikuwa zimesaidia kuwaamsha watu wa Uingereza kulitaka jambo hilo. Livingstone mwenyewe hakupata habari.

Na nyumba ya mawe? Kiwanda kilifungwa na hatimaye kikabomolewa. Shuttle Row ilichakaa hata ikakaribia kubomolewa nayo. Katika miaka ya 1920 Waskoti walichanga fedha, wengi wao watu wa kawaida na watoto wa shule za Jumapili, wakaiokoa, na mwaka 1929 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2021 ilifunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa. Siku hizi mgeni huonyeshwa humo chumba kile chenye vitanda ukutani, tena huelezwa habari za pamba ya watumwa, na za Susi, Chuma na wenzao. Jina la Blantyre nalo lilivuka bahari: mwaka 1876 wamisionari wa Uskoti waliipa misheni yao jina hilo, nayo leo ni mji mkubwa wa Malawi.

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi tumeambiwa habari za mtoto maskini aliyeegemeza kitabu juu ya mashine, ili nasi tusome kwa bidii. Ni habari ya kweli, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini nyumba ile ilikuwa na vyumba 24, si kimoja, na katika vyumba 23 vingine walilala watoto waliochoka vilevile, ambao majina yao hatuyajui. Vivyo hivyo katika njia ya Chitambo walikuwako wabebaji wengi, na majina tuyajuayo ni machache. Tukienda Kwihara, Ujiji au Bagamoyo, tusimtafute mtu mmoja tu. Tuwatafute na wale waliombeba. Maana kama wao wasingalichukua mzigo ule, mtoto wa Shuttle Row angalilala chini ya mti wa mpundu, na daftari zake zingalioza kwa mvua.